Ruzizi Inaingia, Haitoki

Mwishoni mwa Aprili 1858, mitumbwi miwili iliyotoka Ujiji ilifika Uvira. Ndani yake walikuwamo Waingereza wawili, wote wagonjwa. Richard Burton alikuwa na vidonda ulimini hata kusema kukawa taabu. Mwenzake, John Speke, alikuwa akisumbuliwa na macho. Walikuwa wamekuja na swali moja tu: ule mto ulioko kichwani mwa Ziwa Tanganyika, Ruzizi, unatoka ziwani au unaingia? Kama unatoka, basi huenda ndio mwanzo wa Nili, na jina la Burton lingekaa midomoni mwa Ulaya nzima.

Wakaja vijana watatu, wana wa mtawala wa Uvira ambaye Burton anamwandika kwa jina la Sultani Maruta. Wakaulizwa. Wakajibu kwamba mto huo wanaujua, wamekwisha kuufikia, na kwamba unaingia ziwani. Wengine waliokuwapo wakasema vilevile. Burton alikaa Uvira siku tisa, kisha akageuza mitumbwi bila kuuona mdomo wa mto kwa macho yake. Mwaka 1860 safari yake ilichapishwa London katika juzuu mbili nene, The Lake Regions of Central Africa, na humo hakuficha jinsi jibu la vijana wale lilivyomkata maini.

Uvira, basi, imo katika maandishi ya Kiingereza kwa zaidi ya miaka 160. Imo ikijibu swali, na jibu lake ni sahihi. Novemba 1871 Stanley na Livingstone walikuja pamoja kuhakikisha, wakaukuta mto ukimimina maji yake ziwani kama ulivyofanya siku zote, na mwaka uliofuata Stanley naye akatoa kitabu. Wanajiografia wa London wangeokoa miaka 13 ya mabishano kama wangewasadiki wana wa Maruta.

Mwanafunzi wa sekondari wa Uvira anayesoma Kiingereza leo hajawahi kuonyeshwa ukurasa huo.

Ingia darasani kidogo. Shule si lazima itajwe, kwa kuwa iwe Kavimvira, Mulongwe au Kalundu, hali haitofautiani sana. Dawati la watu watatu limekaliwa na watano. Prof, kama walimu wa sekondari wanavyoitwa huku, ana kitabu kimoja ambacho jalada lake limekwisha kupotea, na hicho ndicho kitabu pekee cha Kiingereza chumbani. Anageukia ubao, anaandika aya ya mistari kumi na minane. Nyuma yake zinasikika biki zikikwaruza kaye, yaani madaftari. Aliye mbele anaona ubao. Aliye katikati anaona mgongo wa mwenzake. Aliye nyuma hanakili ubao tena, ananakili kaye ya jirani, makosa na yote. Neno “though” linaanza safari likiwa zima, linafika dawati la mwisho limeshakuwa “thought”, na maana ya sentensi nzima imefia njiani.

Chaki inapowekwa chini, nusu ya saa ya somo imekwenda. Inayobaki ni ya maswali: neno hili maana yake nini, kitenzi hiki kiweke katika wakati uliopita, chagua jibu moja kati ya haya. Kuchagua jibu ndio ufundi wenyewe, kwa sababu mwisho wa barabara umesimama mtihani wa serikali, Exetat, ambao una siku yake ya lugha, Kifaransa na Kiingereza pamoja. Mtahiniwa hapewi nafasi ya kueleza anachofikiri juu ya habari aliyoisoma. Anachagua jibu kati ya yaliyoandaliwa, anasonga mbele.

Prof hana kosa. Elimu ya msingi ilitangazwa kuwa ya bure mwaka 2019, lakini sekondari bado ni mzazi na minervali yake, yaani karo. Mama aliyeshinda bandarini Kalundu akiuza samaki wa mikeke ili mtoto asifukuzwe darasani anataka kuona diploma, na ni haki yake. Mwalimu atakayetumia wiki tatu kuzungumzia riwaya moja, halafu nusu ya darasa ikaanguka, atakuwa na mengi ya kujieleza kwa prefe, mkuu wa shule, na kwa mama huyo pia.

Na fasihi? Fasihi imeachiwa Kifaransa. Ni katika saa ya Kifaransa ndipo mtoto wa Kongo anakutana na Camara Laye na utoto wake wa Guinea, au Mariama Bâ na barua yake ndefu kutoka Dakar. Hata Chinua Achebe, Mnijeria aliyeandika kwa Kiingereza, mlango wake wa kawaida wa kuingilia Kongo ni tafsiri ya Kifaransa, Le monde s’effondre, iliyotoka mwaka 1966. Kuna kichekesho hapo. Okonkwo, mhusika mkuu wa kitabu hicho, anasomwa kwa Kifaransa chumba hiki, na chumba cha pili, anakofundishwa Kiingereza, hawamjui. Wakati huohuo ng’ambo ya ziwa, kwa Waswahili wa Tanzania na Kenya, tangu mwaka 1973 amekuwa na jina lake jingine kabisa, Shujaa Okonkwo.

Hayo yangekuwa madogo kama Kiingereza chenyewe kingekuwa jambo dogo. Lakini Julai 2022 Kongo iliingia rasmi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mfanyabiashara wa Uvira anayeleta bidhaa kutoka Kigoma, Kampala au Dubai anakutana na karatasi za Kiingereza. Mashirika ya misaada yanatafuta wafanyakazi kwa Kiingereza. Kijana anayekitaka Kiingereza si wa kubembelezwa tena. Jioni utawakuta kumi wamezunguka simu moja, wakijifunza. Wanachokipata huko ni Kiingereza cha kuombea kazi: jina langu ni fulani, ninatoka mahali fulani, nina uzoefu wa miaka kadhaa. Cha kubishana, kucheka, kuomboleza au kumpinga mtu aliyekuandika vibaya hakimo.

Jirani zake wa Kenya walikwisha kuligombania jambo hili zamani. Oktoba 1968 walimu watatu wa chuo kikuu huko Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong’o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, waliandika waraka wakitaka idara ya Kiingereza ivunjwe. Hawakuwa na ugomvi na Shakespeare. Walichouliza ni kwa nini kijana wa Kiafrika aanze kuitazama dunia akiwa amesimama Uingereza. Asimame kwao kwanza, walisema, fasihi ya Afrika na masimulizi yake yawe kitovu, kisha macho yatoke kwenda Karibiani, Marekani, Asia na Ulaya. Mwaka 1974 walimu wa sekondari wa Kenya wakakutana kujadili namna ya kulipeleka wazo hilo mashuleni. Matunda yake hayakuiva yote, lakini hadi miaka ya karibuni mwanafunzi wa Kenya alikuwa akiandika insha nzima, kwa maneno yake mwenyewe, juu ya Nora wa Henrik Ibsen, mwanamke wa Norway anayeaga mume na watoto na kufunga mlango nyuma yake. Wasichana wa Kisii na wa Kilifi wameulizwa kama alifanya vema. Swali la namna hiyo halina herufi ya kuzungushia duara.

Kwa Uvira, wazo la Nairobi lina faida ya pekee, nayo ni kwamba kitovu hakihitaji kutafutwa mbali. Mbele ya shule kuna ziwa la kilomita zipatazo 670, lenye nchi nne pembeni yake, na karibu kila upande wa ziwa hilo umeandikwa.

Mfano ulio mnono kuliko yote ni Paradise ya Abdulrazak Gurnah, riwaya ya mwaka 1994. Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akaenda Uingereza akiwa kijana baada ya mapinduzi, na mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel ya fasihi. Riwaya hii inamfuata Yusuf, mtoto wa miaka 12 ambaye babake amemtoa rehani kwa tajiri Aziz kwa sababu ya deni. Yusuf anamwita tajiri huyo mjomba. Baadaye anachukuliwa katika msafara wa biashara kwenda bara, nao unavuka ziwa kubwa hadi Marungu. Mwenye kuzijua pande hizi hahitaji ramani: Marungu ni ile milima ya kusini, upande wa Moba. Huko msafara unaangukia mikononi mwa mtawala anayewanyang’anya mali yote. Jina la mtawala huyo ni Chatu.

Hapo ndipo darasa la Uvira linapoliacha nyuma darasa la London. Msomaji wa London anaona jina geni la Kiafrika, analipita. Msomaji wa Uvira anaona nyoka. Kabla mtawala huyo hajafungua kinywa, mtoto wa huku amekwisha kujua kwamba msafara unaenda kumezwa, na ya kwamba mwandishi amemkonyeza. Ni mara ngapi somo la Kiingereza limempa mtoto wa Kongo nafasi ya kuelewa kitu ambacho mwenye lugha hakukielewa?

Lakini kuna la ndani zaidi. Mwaka 1901, mjini Göttingen, Mjerumani Carl Velten alichapisha kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli, mkusanyo wa habari za safari zilizosimuliwa na Waswahili wenyewe kwa Kiswahili. Mmoja wao ni Selemani bin Mwenye Chande, aliyekwenda bara kufanya biashara, akavuka Tanganyika, akafika Marungu, na huko akakutana na mtawala aliyemtaja kwa jina la Chata. Wachambuzi wa fasihi wamekwisha kuonyesha jinsi riwaya ya Gurnah inavyokanyaga nyayo za safari hiyo. Habari iliyosimuliwa kwa Kiswahili juu ya pwani ya Kongo ikalala katika kitabu cha Ujerumani, ikaamshwa karibu miaka mia baadaye kwa Kiingereza, na mwaka 2022 ikarudi nyumbani pale Ida Hadjivayanis alipoitafsiri riwaya hiyo na kuiita Peponi. Fasihi ya dunia imefanya mzunguko mzima, na zaidi ya nusu ya mzunguko huo ni Kiswahili.

Na shati la Yusuf lisisahauliwe. Kwenye riwaya, mke wa tajiri anamtaka kijana huyo, naye anapokimbia shati lake linachanwa kwa nyuma. Tuseme prof anauliza: mnaikumbuka habari hii? Mikono yote itainuka, maana Uvira ni mji wa makanisa, na Yosefu na mke wa Potifa wanafundishwa watoto wangali wadogo. Lakini katika kitabu cha Mwanzo vazi linabaki mkononi mwa mwanamke, na linakuwa ushahidi wa kumfunga Yosefu. Mwanafunzi Mwislamu aliyekaa karibu na dirisha anaijua kwa namna nyingine: katika Suratu Yusuf kanzu imechanika kwa nyuma, na huo ndio ushahidi wa kumwokoa, kwa kuwa aliyechaniwa nyuma alikuwa akikimbia. Gurnah amechukua ipi? Kwa nini? Na Yusuf wa riwaya anaokolewa na ushahidi huo? Maswali matatu, darasa zima likigombana, na kwa Kiingereza, kwa sababu ndiyo kanuni ya saa hiyo. Kiingereza kitavunjika vibaya. Kivunjike. Msamiati wa mashtaka, ushahidi na uongo utaingia siku ile moja kuliko katika mazoezi ya mwezi mzima.

Baada ya hapo Joseph Conrad anaweza kuletwa, na si kabla. Conrad alikuja Kongo mwaka 1890, akapanda mto kwa meli hadi Kisangani ya leo, akaugua, akarudi kwao, na mwaka 1899 akatoa Heart of Darkness. Hakuwahi kuliona Tanganyika. Kitabu chake kimefundishwa kwa vizazi katika nchi zinazosema Kiingereza, na kwa wasomaji wengi wa huko ndiyo Kongo pekee wanayoijua. Februari 1975 Achebe alisimama mbele ya hadhara ya chuo kikuu huko Amherst, Marekani, akakishtaki kitabu hicho kwa ubaguzi; mabishano hayajakwisha mpaka leo. Jambo la kumpa mwanafunzi wa Kongo ni dogo, la kuhesabu kwa vidole: atafute Mkongo mmoja mwenye jina humo ndani. Hatampata. Halafu arudi kwa Burton, mtu mwenye dharau ya kutosha na zaidi, aone kwamba hata huyo aliliandika jina la Maruta.

Kuna watoto wa pwani hii ambao kwao haya si mambo ya kudhania. Vita vilipoingia Uvira Oktoba 1996, watu walivuka ziwa kwa maelfu kwenda Kigoma. Huko Nyarugusu, katika kambi iliyofunguliwa mwaka huohuo, Wakongo waliendelea kusomesha watoto kwa programu ya Kongo, yaani Kifaransa katikati ya nchi ya Kiswahili na Kiingereza. Kisha zikaja safari za Marekani. Mwaka wa bajeti wa 2016 peke yake, nchi hiyo ilipokea wakimbizi wa Kongo zaidi ya 16,000, wengi kuliko wa taifa lingine lolote mwaka ule. Kijana wa Mboko au Baraka anajikuta ameketi katika shule ya Kentucky au Iowa, kwenye somo la Kiingereza ambalo mwaka huo, kama ilivyo desturi ya shule nyingi za huko, ni la fasihi ya dunia. Mezani kuna Achebe. Darasa zima linamgeukia yeye awaeleze kuhusu viazi vikuu vya Waigbo, ambavyo hajapata kuvila. Yeye ni mtoto wa ugali wa muhogo na samaki.

Samaki huyo naye anafaa kuwa somo. Yule anayeitwa mukeke Uvira na Bujumbura, akivuka tu kwenda Kigoma, anakuwa mgebuka. Ni samaki mmoja, ziwa moja. Prof akitaka kufundisha tafsiri hana haja ya mfano kutoka Paris.

Na katika tafsiri hakuna mwalimu anayepatikana kwa bei nafuu kama Julius Nyerere. Akiwa rais tayari, aliitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare, ikatoka mwaka 1963, akairudia ikatoka tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo akatoa The Merchant of Venice kwa jina ambalo bado linawachekesha na kuwasumbua wasomaji: Mabepari wa Venisi. Lilikuwa jina la miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Mfanyabiashara mmoja wa Shakespeare amegeuka kuwa wengi, na wote wamekuwa wanyonyaji. Weka kichwa cha Kiingereza na cha Kiswahili kando kwa kando ubaoni, ni maneno machache tu, hayamalizi chaki. Uliza: wale mama wa Kalundu wanaonunua mikeke ya jumla alfajiri na kuiuza rejareja saa tatu, ni neno lipi linawafaa? Mchuuzi? Mfanyabiashara? Bepari? Yupo mwanafunzi ambaye mamake ni mmoja wao, na hatakubali neno la tatu bila vita.

Kuna kurasa nyingine za ziwa hili, za kupita nazo haraka. Aprili 1965 Che Guevara alivuka kutoka Kigoma akaingia milima ya Fizi, akakaa miezi saba chini ya jina la vita la Kiswahili, Tatu, na kumbukumbu alizoandika zinakiri wazi kwamba mambo yalimshinda; kwa Kiingereza zinasomwa kama The African Dream. Ng’ambo ya pili, mahali ambapo taa zake huonekana Uvira usiku, ndipo alipokulia Gaël Faye, aliyeandika Petit pays juu ya utoto wa Bujumbura kabla na wakati wa vita. Mwaka 2016 kitabu hicho kilipata Goncourt ya wanafunzi wa sekondari, tuzo ambayo Ufaransa imekuwa nayo tangu 1988 na ambayo waamuzi wake ni wanafunzi wapatao 2,000 wanaosoma riwaya za mwaka na kuzipigia kura. Tafsiri ya Kiingereza, Small Country, ikatoka 2018. Vijana wa Rennes na Marseille wameamua juu ya kitabu cha ziwa hili. Wa Kavimvira, wanaoliona ziwa lenyewe, hawajaulizwa.

Kikwazo cha kwanza ni karatasi, na hakuna ujanja wa kukikwepa. Aprili 2020 mto Mulongwe ulipofurika, nyumba zilikwenda kwa maelfu. Kaye na vitabu vilivyokuwa ndani hakuna aliyevihesabu. Vitabu vya Gurnah, Faye na Achebe vina wenyewe na vinauzwa. Lakini Burton na Stanley wamekwisha kufa zamani, vitabu vyao havidaiwi haki ya mtu, na vinapakuliwa bure kwenye simu na yeyote mwenye megabaiti kidogo. Ukurasa mmoja unaohusu Uvira unatosha kwa wiki mbili. Nakala kumi kutoka kibanda cha fotokopi, nakala moja kwa dawati, na ule mgongo wa prof ulioelekea darasa nusu saa unageuka. Bukavu, katika chuo cha ualimu cha ISP, walimu wa Kiingereza wamekuwa wakiandaliwa katika idara inayobeba jina la Kiingereza na Utamaduni wa Afrika pamoja. Jina lenyewe limekwisha kutoa ruhusa. Hata Exetat haizuii: mwanafunzi aliyezoea kuichimba aya ya Burton, yenye sentensi ndefu kama foleni ya mpakani, hatatishwa na kifungu cha mtihani.

Tuseme basi prof mmoja amejaribu. Nakala zimegawiwa. Aya inasomwa kwa sauti, polepole, kila dawati sentensi moja. Wanafika pale vijana watatu wanapoulizwa juu ya mto, na kabla mwenye zamu hajamaliza, sauti inatoka nyuma, kwa Kiswahili cha nyumbani ambacho saa hiyo hakiruhusiwi: “Ruzizi inaingiaka, haitokake!” Darasa linacheka. Mtoto wa Kavimvira amelijibu swali la Chama cha Kijiografia cha London bila kusimama.

Prof anaandika ubaoni mwaka mmoja tu: 1864. Anawaeleza kwamba mwaka huo Burton aligeuka. Yuleyule aliyesikia kwa masikio yake kwamba mto unaingia, aliyeliandika jibu hilo na kulisikitikia, miaka minne baada ya kitabu chake alirudi kudai kwamba Ruzizi unatoka ziwani na kwamba Tanganyika linalisha Nili. Alikuwa na ugomvi na Speke, na ugomvi ulihitaji mto uende upande mwingine. Kazi ya nyumbani: wewe ni mmoja wa wana wa Maruta. Umeletewa habari hiyo. Mwandikie Burton barua, kwa Kiingereza, mistari kumi na miwili.

Biki zinaanza kukwaruza, ila mara hii hakuna anayenakili kwa jirani. Msichana wa dawati la tatu ameandika “Dear Sir”, akafuta, akaandika “Dear Burton”. Anautazama mstari huo, kisha anainua mkono. Anataka kujua kama kwa Kiingereza inaruhusiwa kumwita mzee kwa jina lake tupu. Prof anamwambia kwamba siku ile, pale Uvira, mzee huyo alikuwa na miaka 37. Msichana anafikiri kidogo, anarudisha “Sir”, na kuanza mstari wa pili.